Anakufa au Inakufa

Shangazi Wegesa aliingia kwenye duka la dawa bila kubisha hodi. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, kisha akawakazia macho wanawake wawili waliokuwa wanasubiri dawa ya kikohozi, mpaka wakajisikia vibaya wenyewe. Walipolipa na kuondoka ndipo akamgeukia Eufrasia.

"Shikamoo shangazi. Baba anaendeleaje?"

"Marahaba. Baba yako anakula uji kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini sikutoka Musoma mpaka Kabasa kuja kukwambia habari za uji."

Eufrasia aliweka chini mkasi wa kukatia vidonge. Tangu baba yake, Mzee Mafuru, alipoanguka kwa kiharusi kule Kisorya, kwenye mwalo wa wavuvi, mbele ya wenzake, na kulazwa Musoma, kila mtu wa ukoo aliyemkaribia alikuwa na sura hii ya shangazi. Walimtazama kama vile kuna kitu anakijua na anakificha.

"Huyu kijana wako wa Butiama," shangazi alisema. "Tulimuuliza siku ile ya posa anasomea nini. Alijibu nini?"

"Fizikia, shangazi. Anasomea nyota."

"Ehe. Nyota." Shangazi alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayetema mwiba wa samaki. "Siku alipolala kwetu, jioni, mimi nilikuwa naanua dagaa nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa amesimama kwenye migomba, anaongea na simu. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. 'Anakufa tu. Ameishiwa. Uzito wake mwenyewe unammaliza.' Kulipokucha, kaka yangu akaanguka. Sasa niambie, kwetu kule nani mwingine ana uzito?"

Eufrasia alitaka kucheka, akajizuia. Baba yake alikuwa pande la mtu. Alipokuwa akipanda mtumbwi, wenzake walihamia upande wa pili bila kuambiwa.

"Shangazi, kusomea nyota chuo kikuu si kupiga ramli."

"Mimi chuo kikuu sikijui. Najua nilichosikia. Baba zako wadogo wameshakaa kikao. Jumapili posa inarudi Butiama." Alisimama, akajifunga kanga upya. Mlangoni akageuka. "Na huyo aliyekuwa anaambiwa ni mwanamke. Alikuwa anamwita Hilda. 'Hilda, wewe peke yako ndiye unanielewa.' Hilda ndiye nani, Eufrasia?"

Mwaka mzima na nusu Eufrasia alikuwa akipendwa na Magige, kijana huyo wa Butiama. Alimjua mama yake, alijua majina ya ng'ombe wao wa kule Mwitongo, alijua hata mguu upi unamuuma baridi ikija. Jina la Hilda hakuwahi kulisikia.

*

Magige alifika mchana ule ule kwa pikipiki, vumbi la njia limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, na alikuwa na namna yake ya kumtazama mtu kama anayetafuta kitu nyuma ya macho yake. Ndiyo iliyomponza Eufrasia tangu mwanzo. Siku ya kwanza alikuja kununua dawa ya presha ya mama yake, akauliza kila kidonge kinafanya nini ndani ya mwili, mpaka foleni nyuma yake ikaanza kusonya. Kesho yake akarudi kuuliza tena. Keshokutwa hakuwa na swali, akasema amekuja tu.

"Umepungua," alimwambia sasa. "Unakula kweli?"

"Ninakula."

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nakutazamaje?"

Kabla Magige hajajibu, simu yake iliita. Aliitazama, akaigeuza haraka, akasema, "Dakika moja," akatoka kwa mlango wa nyuma.

Eufrasia hakuwa mtu wa kusikiliza simu za watu. Mama yake alimlea hivyo. Lakini miguu ilimpeleka yenyewe mpaka kwenye rafu ya mwisho, penye dirisha dogo linalotazama uani, akasimama pale ameshika boksi la dawa ya minyoo asilolihitaji.

"...ikishaanza kuporomoka hairudi nyuma, hilo tunalijua," sauti ya Magige ilisema. "Swali ni mwisho wake. Hapana. Hapana, Hilda, usimwambie mtu mpaka Jumatatu itangazwe. Eufrasia? Eufrasia hajui kitu. Kesho basi. Pale pale Musoma, nilipokuonyesha."

Aliporudi, alimkuta Eufrasia kaunta, anapanga chenji ambayo ilishapangwa.

"Nani huyo?"

"Mtu wa chuo."

"Mwanaume au mwanamke?"

Magige alinyamaza kidogo. Ulikuwa ni ukimya mdogo sana, wa kumeza mate tu, lakini Eufrasia aliusikia kuliko maneno yote.

"Mwenzangu wa kazi," alisema.

"Kesho twende wote Musoma, ukamwone baba."

"Kesho nitakuwa Musoma, ndiyo, ila kuna mambo ya kazi. Nitapita wodini jioni." Alinyoosha mkono amguse shavu. Eufrasia akainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

*

Asubuhi Eufrasia alifunga duka, akaomba lifti kwa Dotto, aliyekuwa akisambaza dawa kwenye maduka ya Bunda na Musoma na aliyemjua tangu shule ya msingi. Dotto aliendesha kimya mpaka walipoipita njiapanda ya Butiama.

"Leo unaenda kumwona mzee," aliuliza hatimaye, "au unaenda kumwona mtu?"

"Endesha gari, Dotto."

"Naendesha. Nauliza tu, kwa sababu mtu anayeenda kumwona mgonjwa hapakagi wanja mara tatu njiani."

Eufrasia alifunga kioo cha kujitazamia. Alijua anakokwenda. "Pale pale nilipokuonyesha" pangeweza kuwa popote mjini, lakini moyo wake ulikuwa umeshapajua. Kulikuwa na mgahawa mmoja upande wa Mwigobero, wenye meza zilizopangwa juu ya mawe, ziwa likipiga chini ya miguu. Magige hakuwa na pengine. Ndipo alipomwambia, "Nataka tuzeeke wote." Eufrasia aliomba Mungu awe amekosea.

Hakuwa amekosea. Waliketi meza ile ile.

Mwanamke alikuwa na nywele fupi na miwani, gauni la kitenge lililokatwa vizuri, kompyuta wazi mbele yake. Alikuwa mzuri, na uzuri wake haukuwa wa kujishughulisha nao, jambo ambalo lilimuuma Eufrasia zaidi. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mkono wa Magige.

"Msinyanyuke," Eufrasia alisema. "Nimekuja kukaa."

Magige alinyanyuka hata hivyo, kiti kikaanguka nyuma yake. "Eufrasia. Sio unavyofikiri."

"Unajua ninavyofikiri? Basi niambie, maana mimi mwenyewe sijui." Alikaa. Akamgeukia yule mwanamke. "Dada, nikupe shikamoo au hujambo? Sijui umri wako. Sijui chochote chako."

"Hujambo inatosha," mwanamke alisema kwa utulivu, ingawa mkono wake ulikuwa umeshaondoka mezani. "Naitwa Hilda. Wewe nakusikia kila siku."

"Mimi wewe nimekusikia jana."

Mhudumu alikuja na menyu, akazitazama zile nyuso tatu, akarudi jikoni.

"Tunaandika utafiti mmoja," Magige alisema. "Mimi na Hilda. Ndio kazi yenyewe. Nyota."

"Nyota gani inayoitwa 'Eufrasia hajui kitu'?"

Magige alifumba macho. "Ulisikia."

"Nilisikia. Na shangazi alisikia yake kule Kisorya. Nyumba yetu yote imeshasikia, mimi ndiye nilikuwa wa mwisho. Hebu anza na hiyo nyota. Nataka nione ukisema ukweli unafananaje, ili ukianza uongo nijue."

Magige aliinua kiti, akakaa, akapitisha kiganja usoni.

"Nyota kubwa inaishi kwa moto ulio ndani yake. Moto unasukuma nje, uzito unavuta ndani, vinalingana. Siku moto ukiisha, hakuna cha kuushikilia uzito. Nyota inajiangukia yenyewe. Kwa kanuni za uvutano ambazo dunia nzima inatumia, ikiwa nzito vya kutosha inaanguka mpaka inajifunika. Inakuwa shimo jeusi. Kilichotokea mle ndani hakuna atakayekiona tena."

"Endelea."

"Sisi tumezirekebisha kidogo zile kanuni. Tumeuliza, je, pale ndani kabisa, vitu vikishabanana kupita kiasi, uvutano wenyewe unabadilika? Tukapiga hesabu. Nyota nyingine zinafika karibu na mwisho, halafu zinasukumwa zirudi nje."

"Na nyingine?"

"Nyingine," Hilda alidakia, "zinaanguka mpaka mwisho bila kujifunika. Kila kitu kinabaki wazi. Hizo ndizo zinatunyima usingizi."

Eufrasia hakumtazama. Alikuwa anamtazama Magige, na kwa mara ya kwanza tangu jana aliona uso anaoujua, uso wa yule mtu aliyeuliza habari za vidonge mpaka watu wakasonya. Huu ulikuwa ukweli, basi. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine.

"Haya. Na wewe sasa anguka bila kujifunika," alimwambia. "Jumatatu kunatangazwa nini?"

Ziwa lilipiga mawe, likarudi, likapiga tena.

"Nafasi ya utafiti," Magige alisema. "India. Miaka mitatu."

"Nafasi ngapi?"

"Mbili."

"Yako na yake."

"Ndiyo."

Eufrasia alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Alikuwa amejiandaa kwa mwanamke. Kwa India hakuwa amejiandaa. "Ulipokuja kwetu kuleta posa, baba alikuuliza kitu kimoja tu. Alisema, 'Mimi mtoto niliyebaki naye ni huyu, usimpeleke mbali na ziwa.' Ukasema sawa mzee. Siku ile ulikuwa umeshaomba hiyo nafasi?"

"Nilikuwa nimeshaomba. Sikufikiri nitapata. Halafu nikapata, halafu mzee akaanguka. Ningekwambia vipi wakati ule, Eufrasia? Uko wodini unamlisha uji, mimi nije na habari za ndege?"

"Ungeniambia kama mtu. Ulikuwa unamwogopa baba au ulikuwa unaniogopa mimi?"

"Wewe," alisema. "Nilijua ukiniambia nisiende, sitaenda. Nikaogopa kukuuliza."

Eufrasia aliguswa, akajikasirikia kwa kuguswa. Akamgeukia Hilda. "Na ule mkono?"

"Mkono niliuweka mimi," Hilda alijibu. "Alikuwa anasema anataka kuiacha nafasi. Ameshasema hivyo mara nyingi. Nikauweka."

"Kama mwenzake wa kazi."

Hilda alivua miwani, akaifuta kwa kitenge chake, akachukua muda wake. Macho yake bila miwani yalikuwa yamechoka. "Sitakudanganya, dada. Kama angeushika ule mkono, ningefurahi. Hakuushika. Hajawahi. Lakini usije ukajiambia kuwa ulikuja huku kwa wivu wa bure."

Eufrasia alimchukia kwa ile kauli, na papo hapo akamheshimu, na hakujua afanye nini na vyote viwili.

"Ulikuwa unajua?" alimuuliza Magige.

"Nilihisi."

"Ukanyamaza na hilo pia."

Magige aliinama. Hakujitetea, na hiyo ilikuwa afadhali, maana Eufrasia alikuwa ameshashika mkoba wake aondoke.

"Unajua kwetu wanasemaje?" alisema. "Wanasema umesoma nyota ya baba yangu. Shangazi alikusikia kwenye migomba ukisema anakufa, ameishiwa, uzito wake unammaliza. Kulipokucha akaanguka. Jumapili posa inarudi kwenu."

Magige aliinua kichwa. "Wanafikiri mimi... mzee anafikiri hivyo?"

"Mzee hajasema neno. Anatazama ukuta tu."

"Twende," alisema, akisimama. "Twende sasa hivi."

"Tunaenda. Na dada Hilda anakuja. Alikuwepo kwenye simu, aje awepo na penye kitanda cha baba."

*

Shangazi Wegesa alikuwa ameketi kando ya kitanda na chupa ya uji. Alipomwona Magige mlangoni mwa wodi, alisimama, akatanua mikono kama anayezuia kuku.

"Hapana! Huyo hapiti hapa. Eufrasia, una akili kweli? Unamleta amalizie?"

"Mwache," alisema Mzee Mafuru.

Sauti ilitoka nzito, imepinda upande mmoja, lakini ilikuwa ile ile iliyokuwa ikivuka maji. Shangazi akaketi.

"Shikamoo mzee," Magige alisema, akapiga goti moja pale sakafuni ili uso wake uwe sawa na wa mgonjwa.

"Marahaba." Jicho moja la mzee lilikuwa limelegea. Lile zima halikupepesa. "Wewe unasemaga nyota yangu inakufa?"

"Hapana mzee."

"Dada yangu hasemagi uongo."

"Hajasema uongo. Alinisikia. Ila mimi nilisema 'inakufa', mzee. Nyota. Inakufa, imeishiwa, uzito wake unaimaliza. Nilikuwa naisema nyota iliyo mbali huko. Haina mtu. Wala hatujaiona kwa macho, ni ya kwenye hesabu. Huyu hapa ndiye niliyekuwa naye kwenye simu."

"Ni kweli, baba," Hilda alisema kutoka mlangoni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Shikamoo."

Mzee alimgeukia dada yake. "Wegesa. Alisema anakufa au inakufa?"

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. "Si... anakufa, inakufa, si kitu kimoja? Sisi huku tunasemaga vyovyote!"

Kitu kilianza kutikisika pale kitandani. Eufrasia alishtuka, akakimbilia mkono wa baba yake, akadhani ni kiharusi kimerudi. Kumbe mzee alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, mate yakimtoka, mpaka jicho zima likalia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kucheka bila kujua kwa nini.

"Na hiyo nyota yako," mzee aliuliza alipotulia, "ikianza kuanguka, kuna kinachoizuia?"

"Sijui mzee. Kwa hesabu zetu, labda. Hatuna hakika."

Mzee alimtazama sana. "Mwaka ule mdogo wangu alipopotea majini, tulizunguka kwa waganga wengi mimi na Wegesa. Hakuna aliyewahi kutuambia hajui." Akavuta pumzi. "Huyu si mganga. Wegesa, mwache mtoto."

Hapo Eufrasia angeweza kuliacha jambo likaisha vizuri. Shangazi alikuwa anafungua chupa ya uji, Magige alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Lakini ule ukimya mdogo wa dukani ulikuwa bado unamkereketa.

"Mwambie na lile lingine," alisema.

Tabasamu lilizimika. "Leo?"

"Sasa hivi. Yeye ndiye uliyemwambia sawa mzee."

Akasema yote, akiwa bado amepiga goti, bila kupamba. India, miaka mitatu, na kwamba alikuwa ameshaomba siku ile ya posa. Shangazi Wegesa alishusha kikombe. Mzee Mafuru alitazama dari muda mrefu, na kidole cha mkono wake mzima kikawa kinagonga shuka.

"Lile neno nililisema nikiwa nasimama kwa miguu yangu," alisema mwishoni. "Sasa nageuzwa kama samaki kwenye kikaango, siwezi kumfunga mtu. Muulizeni mwenyewe."

Wote walimgeukia Eufrasia: baba, shangazi, Hilda mlangoni, na Magige aliyekuwa chini pale, macho yakitafuta kitu nyuma ya macho yake kama kawaida. Eufrasia alitamani kumwamini. Lakini alikuwa ameshaona jinsi anavyoweza kunyamaza, na jambo hilo lisingefutika kwa kicheko cha wodini.

"Utaenda," alisema. "Sitakuwa mimi niliyekuzuia, uje unitazame kwa lawama miaka yote. Lakini hakuna ndoa ya haraka haraka ya kunifunga mdomo. Mwaka wa kwanza nenda bila mimi. Kila jambo nilisikie kwako kwanza, kabla ya shangazi, kabla ya dirisha. Baba akisimama, nitakuja huko kwa nauli yangu, siku ambayo hutaijua, nione unavyoishi. Nikiridhika, padre asome matangazo ya ndoa. Nisiporidhika, posa itarudi Butiama, na nitaipeleka mwenyewe."

"Na baba asiposimama?" Magige aliuliza kwa sauti ya chini.

"Basi utarudi wewe. Utaweza?"

Magige alimtazama Hilda, akamtazama mzee, akarudi kwa Eufrasia. "Nitarudi."

"Usijibu haraka."

Nesi alipita na toroli la dawa, magurudumu yakilia, mpaka akafika mwisho wa wodi na kugeuka.

"Nitarudi," Magige alisema tena.

Eufrasia akamnyooshea mkono, mbele ya baba yake, mbele ya shangazi, jambo ambalo kwao halifanyiki. Magige akaushika, akasimama. Eufrasia hakumwachia, na hakuacha kumchunguza uso.